Barafu ya Mirihi: shida iko kwenye mita ishirini za juu

Chini ya vumbi la Mirihi, kuanzia kina cha mita moja hivi hadi kama mita ishirini, kuna tabaka ambalo hakuna chombo chetu kilicho kwenye mzingo kinacholisoma sawasawa. Vihisi vya nyutroni vinaishia kwenye mita ya kwanza. Rada zinazoizunguka sayari hiyo huanza kuona vizuri chini ya mita ishirini. Hapo katikati tunakisia, na hapo katikati ndipo ilipo barafu ambayo binadamu akifika siku moja ataweza kuifikia kwa mashine ya kuchimba. Msimamo wangu ni huu: swali la kama kuna barafu kwenye sayari nyingine lilishajibiwa miaka mingi iliyopita, na kulishangilia upya kila msimu kunatupotezea muda. Lililobaki ni kujua ipo kina gani, ni safi kiasi gani na iko wapi hasa. Majibu ya hayo hayaji kwa picha nzuri wala kwa tangazo la shirika la anga. Yanakuja pale vipimo viwili au vitatu visivyotegemeana vinapokubaliana, kisha mtu akachimba.

Nasema hivi nikiwa mtu wa jiofizikia ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kupima ardhi kavu kabla mtambo wa kuchimba kisima haujaletwa. Anayelipia kisima hatosheki kuambiwa kwamba chini kuna maji. Anauliza ni mita ngapi, mwamba wa aina gani, na kama maji yenyewe yana chumvi. Ukishindwa kumjibu hayo, hujamsaidia, hata kama ulichomwambia ni kweli tupu. Taarifa nyingi kuhusu maji ya Mirihi zimekwama kwenye kweli ya namna hiyo.

Mfano bora wa jinsi uhakika unavyojengwa hautoki Mirihi. Unatoka Zebaki, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, ambako mchana kwenye ikweta joto hufika nyuzi 430 hivi za Selsiasi. Mwaka 1991 Martin Slade, Bryan Butler na Duane Muhleman walielekeza mawimbi ya redio huko kutoka kwenye dishi la mita 70 la Goldstone, California, na mwangwi wake ukapokewa na safu ya antena za Very Large Array, New Mexico. Ncha ya kaskazini ya Zebaki ilirudisha mwangwi mkali kupita matarajio. Zaidi ya ukali, kilichowashangaza ni namna wimbi lilivyorudi. Wimbi lililosokotwa upande mmoja likigonga mwamba wa kawaida hurudi limegeuka upande wa pili. Lile la ncha ya Zebaki lilirudi kwa sehemu kubwa likiwa na msokoto wake uleule, kama ilivyokuwa imeshaonekana kwenye miezi ya Mshtarii iliyofunikwa na barafu. Barafu yenye baridi kali huyaacha mawimbi ya redio yapenye, yazunguke ndani kwenye nyufa na mapovu, kisha yatoke na msokoto wao. Baadaye darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilionyesha kwamba madoa hayo yanayong'aa yamekaa ndani ya kasoko, moja baada ya jingine.

Msomaji atauliza: barafu karibu na Jua itakaaje? Wengi wanachanganya ukaribu wa Jua na joto la mahali. Kinachotupa joto kivulini hapa duniani ni hewa: inalibeba na kulisambaza. Zebaki haina angahewa ya maana, kwa hiyo pasipofika mwanga, joto nalo halifiki, ila kidogo linalopita kwenye mwamba au kurushwa na kuta za kasoko. Mhimili wa sayari hiyo pia umesimama karibu wima kabisa, umeinama kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Jua la nchani huchungulia upeoni tu na halipandi juu, na sakafu za kasoko zenye kina hazijaliona kwa muda mrefu mno. Kuna sehemu humo ambazo baridi yake hushuka chini ya nyuzi 170 hasi.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu makini hawakutamka neno barafu bila kuongeza "labda". Mtu angeweza kudai kwamba ni salfa, au ni miamba yenye tabia ya ajabu ikipata baridi. Ilibidi chombo cha MESSENGER kiingie kwenye mzingo wa Zebaki mwezi Machi 2011, na mwishoni mwa 2012 zikatoka hoja tatu kwa pamoja. Idadi ya nyutroni zinazotoka kwenye ncha ya kaskazini ilipungua kwa kiasi kinacholingana na tabaka la barafu. Mwanga wa leza ulionyesha sakafu nyeupe pale penye baridi kuliko kote, na sakafu nyeusi kuliko kawaida pale penye ahueni kidogo. Hesabu za joto, zilizofanywa na David Paige na wenzake, zilikuwa na maelezo ya tofauti hiyo: penye baridi kali barafu inaweza kukaa wazi, na pale pengine inadumu tu ikifunikwa na tabaka jembamba la masalia meusi, yaelekea ya kaboni, yaliyoletwa na vimondo pamoja na maji yenyewe. Njia tatu, fizikia tatu tofauti, jibu moja. Ilichukua miaka 21. Sioni kama ni mingi.

Linganisha na Mwezi. Najua Mwezi si sayari, lakini ndiko mbinu ileile ya rada ilikowatega watu. Chombo cha Clementine kilipima ncha ya kusini mwaka 1994, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba mwangwi unaashiria barafu. Wataalamu wa Arecibo walipoangalia kwa makini wakaona dalili hiyohiyo kwenye miteremko inayopigwa na jua, mahali ambapo barafu haiwezi kudumu hata kidogo. Ilikuwa ni miamba iliyovunjika, yenye uso wa kukwaruza. Mwaka 1998 Lunar Prospector ikaona haidrojeni kwenye ncha zote mbili, na Julai 1999 chombo hicho kikaangushwa makusudi ndani ya kasoko yenye kivuli ili kirushe mvuke. Hakuna aliyeona mvuke. Ni mpaka tarehe 9 Oktoba 2009, wakati kipande cha roketi ya safari ya LCROSS kilipopigizwa kwenye kasoko ya Cabeus, ndipo mvuke na chembe za barafu zilipopimwa katika vumbi lililoruka: maji yalikuwa asilimia 5.6 ya uzito wa udongo, na kosa la kipimo la karibu 3 juu au chini. Rada peke yake ilidanganya. Haidrojeni peke yake haikutosha. Kupiga ardhi ndiko kulikokata shauri, tena kwa kasoko moja tu. Za jirani haziapiwi.

Hapo inafaa nieleze nyutroni, kwa sababu ndizo zinazozaa vichwa vingi vya habari na ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko vyote. Miale ya kosmiki kutoka anga za mbali huingia kwenye udongo wa sayari isiyo na hewa nzito na kuzing'oa nyutroni kutoka kwenye viini vya atomu. Nyutroni hizo hugongana na viini vingine zikitafuta njia ya kutoka. Ikigonga kiini kizito cha chuma au silikoni, inadunda na kuondoka na karibu kasi yake yote. Ikigonga haidrojeni mambo hubadilika, kwa kuwa viwili hivyo vina uzito karibu sawa: ni kama gololi kugonga gololi mwenzake, ile ya kwanza husimama na ya pili ikaondoka na mwendo. Kwa hiyo chombo kilicho juu kikiona nyutroni za kasi zimepungua, kinajua chini kuna haidrojeni nyingi. Mpaka hapo tu. Haidrojeni hiyo inaweza kuwa ndani ya barafu, au imefungwa kwenye madini ya udongo wa mfinyanzi, au kwenye chumvi zilizoshika maji. Kipimo hakitofautishi. Zaidi ya hayo, kikiwa kwenye mzingo, doa moja linalosomwa lina upana wa mamia ya kilomita. Mtu anayekuonyesha ramani ya nyutroni na kukunyooshea kidole mahali pa kutua anakuuzia kitu ambacho ramani hiyo haina.

Kwa upande wa Mirihi, ramani hiyo ilikuja mwaka 2002. Mars Odyssey, ambayo ilikuwa imefika Oktoba 2001, ilionyesha kwamba kutoka karibu na latitudo ya 60 kuelekea kila ncha, mita ya juu ya ardhi ina haidrojeni nyingi mno kuweza kuwa ya madini peke yake. Hapo kukawa na sababu ya kwenda kuchimba. Phoenix ilitua tarehe 25 Mei 2008 kwenye latitudo ya 68 kaskazini, na mkono wake haukulazimika kwenda mbali: sentimita chache chini ya udongo ulikutana na kitu kigumu na cheupe. Mwezi Juni vipande vyeupe vyenye ukubwa wa dadu vilivyobaki kwenye mtaro vilitoweka ndani ya siku nne. Chumvi ingebaki. Barafu ya hewa ukaa isingeweza kukaa hata siku moja kwenye joto lile. Mwishoni mwa Julai sampuli iliwekwa kwenye tanuri dogo la chombo, ikapashwa, na ikaonekana ikinyonya joto palepale barafu ya maji inapoyeyuka. Kwangu mimi kipimo kile cha tanuri kina uzito kuliko picha zote za Mirihi nilizowahi kuziona, na nashangaa jinsi kinavyosahaulika.

Kuna mkasa mwingine mdogo wa historia unaonisikitisha kila ninapoufikiria. Viking 2 ilitua kwenye tambarare ya Utopia mwaka 1976, karibu na latitudo ya 48 kaskazini, ikapiga picha za sakitu nyembamba juu ya mawe, na mkono wake ukachimba udongo kutafuta uhai. Kwa tunayoyajua leo, barafu huenda ilikuwa sentimita kama kumi tu chini ya pale mkono ulipoishia. Tulisubiri zaidi ya miaka 30.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kudhani kila kitu cheupe huko ni maji. Angahewa ya Mirihi ni hewa ukaa kwa asilimia 95, na majira ya baridi hewa hiyo huganda na kuanguka nchani kama barafu kavu. Ncha unayoiona ikikua na kusinyaa kwa misimu inabadilika kwa sababu ya barafu hiyo. Baada ya Mariner 4 kuonyesha mwaka 1965 jinsi hewa ya huko ilivyo nyepesi, wanasayansi wengi waliamini ncha zote mbili ni hewa ukaa tupu. Vyombo vya Viking ndivyo vilivyoonyesha kwamba kofia inayobaki kaskazini wakati wa kiangazi ni barafu ya maji. Leo rada zimepima marundo hayo: la kusini lina unene unaopita kilomita tatu na nusu mahali fulani, na lingeyeyushwa lote lingeifunika Mirihi nzima kwa maji ya kina cha mita 11 hivi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Mirihi haina maji, na anayekuambia kwamba maji "yamegunduliwa" wiki iliyopita, wote wawili wamechelewa.

Sasa, kwa nini barafu iliyoko nje ya ncha imejificha ardhini? Uzito wa hewa ya Mirihi hauzidi asilimia moja ya ule wa Dunia, na barafu ikipata joto hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Jambo hilo si geni kwetu. Barafu ya Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro, ambako hewa ni kavu na baridi, hupoteza sehemu kubwa ya ujazo wake kwa njia hiyohiyo, bila tone kuonekana. Lakini Kilimanjaro pia huwapotosha watu. Wanadhani kwa kuwa kwetu mlima mrefu una barafu hata karibu na ikweta, basi volkano za Mirihi, ambazo ni ndefu zaidi, nazo zitakuwa na barafu leo. Huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba kupanda mlima hakuleti baridi kwa kiwango cha kwetu. Joto la ardhi linaamuliwa zaidi na jua linalopiga na joto linalorudishwa angani usiku. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba sakitu imeonekana alfajiri kwenye vilele vya Olympus Mons na wenzake. Ni kweli, na inapendeza. Ila unene wake ni kama wa unywele, na jua likipanda inaondoka.

Barafu ya latitudo za kati ni urithi wa hali ya hewa iliyopita. Mhimili wa Mirihi leo umeinama kwa nyuzi 25 hivi, karibu sawa na wetu, lakini Mirihi haina mwezi mkubwa wa kuutuliza. Katika mamilioni ya miaka umekuwa ukiyumba sana, na ulipolala zaidi, ncha zilipigwa na jua, barafu yake ikapanda kuwa mvuke na kuanguka kama theluji karibu na ikweta. Ubavuni mwa volkano ya Arsia Mons kuna alama za mito ya barafu iliyotoweka. Mhimili uliposimama tena, barafu ikaanza kurudi nchani, na iliyowahi kufunikwa na vumbi au mawe ndiyo iliyosalia. Ukilielewa hili unaelewa kwa nini kina ni kila kitu: unene wa kifuniko unaamua kama barafu ya zamani bado ipo.

Rada ndizo zilizotuonyesha hazina hiyo. MARSIS, iliyomo kwenye chombo cha Ulaya cha Mars Express, na SHARAD, iliyomo kwenye Mars Reconnaissance Orbiter ya Marekani, zote mbili zina asili ya Italia, ya kwanza ikiwa imejengwa kwa ushirikiano na Wamarekani. Zinatuma wimbi la redio na kusikiliza mwangwi kutoka kwenye uso, kisha kutoka kwenye mipaka iliyo chini yake. Kinachopimwa ni muda. Ukijua kwa njia nyingine unene wa tabaka, unapata kasi ya wimbi ndani yake, na kasi hiyo hutofautiana kati ya mwamba mgumu, barafu na maji. Kwa namna hiyo ilithibitika kuanzia mwaka 2008 kwamba vilima vilivyofunikwa na mawe mashariki mwa bonde la Hellas, na baadaye kule Deuteronilus Mensae, ni mito ya barafu yenye unene wa mamia ya mita. Mwaka 2016 ikatangazwa barafu ya Utopia, iliyochanganyika na vumbi, yenye maji karibu sawa na ya Ziwa Superior la Amerika Kaskazini, yaani zaidi ya mara nne ya Ziwa Victoria.

Soma taarifa ya Utopia kwa jicho la mchimba kisima. Unene wa barafu: mita 80 hadi 170. Vizuri. Kifuniko cha udongo juu yake: kadirio la mita 1 hadi 10. Hapo mchimba kisima atakunja uso. Mita moja unaiondoa kwa koleo. Mita kumi zinahitaji mtambo, nishati, mabomba, na mtu wa kuutengeneza ukikwama. Rada haikuweza kusema ni ipi, kwa kuwa mwangwi mkubwa wa uso wa ardhi huzimeza ishara zote za karibu yake.

Tena barafu na vumbi kavu lililojaa matundu hulipunguza kasi wimbi la redio kwa kiasi kinachokaribiana. Ndiyo maana nasita juu ya Medusae Fossae, marundo makubwa yaliyo karibu na ikweta. Mwaka 2024 watafiti wanaotumia MARSIS walieleza kwamba unene wake unafika kilomita 3.7, na kwamba vumbi au majivu matupu ya kina hicho yangeshindiliwa na uzito wake, hivyo barafu ndiyo maelezo yanayofaa. Hoja ya kushindiliwa ina nguvu, naikubali. Lakini hakuna kipimo cha pili kilichoifikia barafu hiyo, na hata ikiwepo, watafiti haohao wanaiweka chini ya mamia ya mita ya vumbi. Kwa mtu anayepanga safari, ni mbali kuliko barafu ya ncha.

Matangazo mawili yaliyotikisa dunia yanafaa kukumbukwa kwa jinsi yalivyoishia. Mwaka 2015 michirizi meusi inayojitokeza kwenye miteremko majira ya joto ilinadiwa kuwa dalili ya maji ya chumvi yanayotiririka. Miaka miwili baadaye Colin Dundas na wenzake walionyesha kwamba michirizi hiyo inaishia palepale mteremko unapopungua ukali, kama mchanga mkavu unavyofanya. Mwaka 2018 MARSIS ikasemekana imeona ziwa la kilomita 20 chini ya kilomita moja na nusu za barafu ya ncha ya kusini. Baridi ya hapo inakadiriwa kuwa nyuzi 68 hasi. Kubaki majimaji kunahitaji chumvi nyingi kupindukia au joto la kutoka chini, na wengine wamekwishaonyesha kwamba udongo wa mfinyanzi, au hata tabaka za kawaida za barafu zilizopangana kwa unene fulani, zinaweza kutoa mwangwi uleule. Siwalaumu waliochapisha, walikuwa na data na wakatoa hoja. Nawalaumu waliofuta neno "huenda" njiani.

Mpaka sasa, katika lile pengo la mita moja hadi ishirini, wachimbaji wetu wakubwa wamekuwa ni vimondo. Tangu 2008 kamera ya HiRISE imekuwa ikikuta kasoko changa zenye doa jeupe katikati ambalo hufifia kwa miezi, barafu iliyofunuliwa na kuanza kuondoka. Tarehe 24 Desemba 2021 kimondo kilipiga Amazonis Planitia kwa nguvu iliyosajiliwa na InSight, chombo kilichokuwa kimetua Mirihi, kama tetemeko la ukubwa wa 4, kikaacha kasoko ya mita 150 na kurusha mapande ya barafu kwenye latitudo ya 35 kaskazini, mahali pa karibu na ikweta kuliko pote ilipokuwa imeonekana hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, yaliripotiwa magenge manane, kwenye latitudo za 55 hadi 58, yenye kuta za barafu tupu zinazoanzia mita moja au mbili tu chini ya uso. Hizi ndizo habari ninazozithamini, maana zinataja mita.

Ni nini kifanyike? La kwanza ni kutuma rada ya masafa yanayofaa kusoma mita kumi za juu. Haliko mbali kiteknolojia. Marekani, Kanada, Japani na Italia zilikuwa na mpango wa namna hiyo, Mars Ice Mapper, na mwaka 2022 NASA ikapendekeza kwenye bajeti yake kuacha kuuchangia. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa kuliko inavyosemwa. Huwezi kuhubiri safari za watu kwenda Mirihi kisha ukafuta kipimo kinachoonyesha watakunywa nini na watatengeneza mafuta ya kurudia kwa kitu gani. Timu ya mradi wa SWIM, chini ya Gareth Morgan na Nathaniel Putzig, imefanya kazi ya busara ya kuunganisha nyutroni, joto la uso, maumbo ya ardhi na rada kwenye ramani moja inayoonyesha pale ushahidi unapokubaliana na unapopingana. Lakini ramani haiwezi kuzidi data iliyoizaa.

La pili ni kutua kaskazini zaidi. Wahandisi wanapenda ikweta kwa sababu ya jua na joto, na ndiyo maana vigari vingi vimepelekwa mahali pasipo na barafu, vikiwa na kekee za kuchimba sentimita chache kwenye mwamba. Zhurong ya China, iliyotua kusini mwa Utopia mwaka 2021 karibu na latitudo ya 25, ilibeba rada ya ardhini, na haikuona dalili ya maji majimaji kwenye mita 80 za juu. Chombo cha pili cha aina ya Phoenix, chenye kekee ya mita kadhaa, kati ya latitudo za 35 na 45 kaskazini, kingetufundisha zaidi ya vigari vingine viwili vya ikweta. Kiende kabla ya watu, tena kikiwa kimesafishwa vijidudu kwa ukali wote, maana mashine yenye joto ikiyeyusha barafu hutengeneza mahali ambapo vijidudu vya Dunia vinaweza kuishi. Mkataba wa Anga wa 1967 unazitaka nchi ziepuke uchafuzi wa namna hiyo, na binadamu akishafika, kuepuka kutakuwa maneno ya karatasini.

La tatu linatuhusu sisi. Italia iliyotoa rada hizo ndiyo inayoendesha kituo cha Luigi Broglio pale Ngomeni, karibu na Malindi, ambako satelaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Shirika la Anga la Kenya likikaa mezani na Waitaliano lingeomba mafunzo ya kuchakata data za rada kwa ajili ya vijana wake, ujuzi ambao mtu akirudi nao anaweza kuutumia kutafuta maji ya ardhini hapahapa. Hata bila mkataba wowote, data za SHARAD ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Mwanafunzi wa jiofizikia wa Dar es Salaam au Nairobi aliyekwisha kushika rada ya ardhini ataitambua michoro yake mara moja. Kitakachomsumbua ni mwangwi wa kando: kilima kilicho pembeni ya njia ya chombo hurudisha wimbi kwa kuchelewa, na kwenye mchoro huonekana kama tabaka lililo chini ya ardhi. Dawa yake ni kuchukua ramani ya miinuko, kukokotoa mwangwi ambao vilima peke yake vingetoa, na kufuta kila mstari unaolingana nao. Aanze na Deuteronilus Mensae, ambako barafu ni nene na mpaka wake wa chini hauna ubishi, kabla ya kujaribu Medusae Fossae.